Nati Yenye Vikato

Mwanangu Fenna aliniwekea sheria kabla hajasafiri. Yeye ataniandikia mara moja kwa wiki, Jumapili, na mimi sitampigia simu hata mara moja, labda nyumba iwe inaungua.

"Na likiungua jiko tu?" nikamuuliza.

"Jiko tu, mwite Baba."

Alikuwa na miaka ishirini na sita, muuguzi katika nyumba ya wazee kule mjini Leer, na kazi ilikuwa imemchosha hadi usingizi ukamkimbia. Alitaka miezi miwili ya kutosikia kengele ya mtu yeyote. Angekwenda Norwe peke yake, akilala ndani ya gari tulilomtengenezea sisi wazazi wake. Sheria yake niliikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshaivunja.

Niseme mapema nilivyo. Mimi, Theda, ni mtu wa hofu. Marehemu baba yangu alikuwa mkaguzi wa tuta linalotukinga na bahari, na kila baada ya dhoruba alinichukua tukatembea juu yake, akishindilia kwa kisigino kila shimo lililochimbwa na fuko. "Bahari haipigi hodi mlangoni," alikuwa akisema, "inaingia kwa tundu la panya." Wazee wetu walikuwa na msemo kwamba asiyetunza tuta na ahame, na hawakuwa wakitania. Nikakua nikiamini kwamba kitu kilichoangaliwa mara moja hakijaangaliwa. Mlango naufunga, kisha narudi kuusukuma. Pasi naizima, kisha narudi kuigusa. Mume wangu Habbo huniita Mkono wa Pili, kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya yeye ambayo mkono wangu haukupita nyuma yake.

Na kama kuna jambo ambalo Habbo halipendi duniani, ni hilo. Alichomelea meli miaka thelathini na minane, na katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akisema amekosea. Mwaka ule mfereji wa paa alioufunga ulipomwaga maji yote kwenye kitalu cha jirani, alisimama akautazama kwa muda, akasema mvua ya siku ile imetokea upande usiofaa.

Gari lenyewe lilikuwa la kubebea mikate, limeshatembea miaka ishirini na mitatu. Fenna alilinunua kwa mjane wa mwoka mikate, kwa bei ambayo watu huuzia baiskeli. Ubavuni, chini ya rangi nyeupe, bado ungeweza kusoma jina la marehemu ukilitazama kwa upande, na ndani lilinukia mkate mweusi hata mlango ulipoachwa wazi wiki nzima. Akiba ya Fenna ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila kilichoweza kupatikana bure kilipatikana bure. Jiko la gesi na madirisha mawili tuliyang'oa kwenye karavani bovu lililotupwa nyuma ya uwanja wa kupiga kambi. Kabati la marehemu mama mkwe lilikatwa likawa meza ya jiko na droo. Na kwa kuwa sufu ya kondoo wa kwenye tuta haina mnunuzi siku hizi, mchungaji alinipa magunia tisa akanishukuru kwa kuyaondoa. Niliifua sufu ile kwenye beseni la kuogea kwa wiki mbili. Nyumba ilinuka beberu, lakini tulipoishindilia ndani ya kuta, gari likapata joto la kutosha kuvumilia theluji.

Habbo alipoinua zulia la sakafu mwezi Desemba, ngumi yake ilipita ikatokea chini. Kutu ilikuwa imekula bati lote la nyuma. Alichomelea Januari nzima, amelala chali kwenye saruji baridi, na mimi nilisimama mlangoni mwa banda nikiuliza.

"Breki je? Umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

"Zote?"

"Theda, gari lina magurudumu manne, si arobaini."

Fenna alikuja kila mwisho wa juma kupaka rangi na kushona mapazia. Aliporudi mjini nilimtumia kila nilichosoma kwenye gazeti: kupe wenye homa, mbwa mwitu, wezi wa kwenye maegesho, uyoga unaofanana na uyoga mwingine. Uyoga ulimchosha kuliko vyote.

"Mama bwana, sipendi uyoga. Sijawahi kupenda uyoga. Umenilea wewe mwenyewe, hujui?"

"Njaa hubadilisha watu," nikamwambia.

Alicheka, lakini baadaye nilimsikia akimwambia baba yake bandani kwamba amezima mlio wa jumbe zangu kwenye simu yake. "La sivyo nitachanganyikiwa, Baba. Nikiona jina lake moyo unaruka, nikifungua, uyoga." Mimi nilirudi jikoni kimyakimya nikaendelea na viazi. Iliniuma, sitaficha.

Siku ya gesi ndiyo iliyonitoa jasho. Mtungi ulikaa kwenye sanduku lake la chuma karibu na mlango wa nyuma, na mpira wa gesi ukatoka pale ukapita chini ya kitanda hadi nyuma ya jiko, ambako nati moja ya shaba iliushika. Kazi ya namna hiyo haikubaliwi bila kupimwa na mwenye kibali, na mwenye kibali kijijini kwetu ni Eilert, fundi gesi mstaafu, rafiki wa Habbo tangu wakiwa wanavaa kaptura. Alikuja na pampu yake na kopo la maji ya sabuni. Akajaza upepo, akatazama mshale wa kipimo, akapaka povu kila mahali, akasubiri. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotoka. Akabandika stika, akampiga Habbo begani.

"Hii itadumu kuliko sisi wote. Shemeji Theda, sasa unaweza kulala."

Nikamwambia nitalala Fenna akirudi.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Habbo alikwenda kujaza upepo kwenye tairi ya akiba na Fenna alikuwa ghorofani akifunga nguo. Mimi niliingia ndani ya gari na mikate miwili, jibini, na chupa ya jamu ya zambarau. Nilivipanga kwenye droo iliyo chini ya jiko. Nilipoivuta droo ile hadi mwisho ikatoka yote, na nyuma yake nikaiona ile nati.

Sikuipenda. Pembe zake zilikuwa na vikato vidogo, kimoja kwenye kila pembe, kama vile mtu aliyekuwa na spana mbovu ameihangaikia hadi akaichubua. Nikawaza: jiko hili tumelitoa kwenye takataka, nani ajuaye nati hii imepitia mikono ya nani? Nikamkumbuka baba na kisigino chake. Spana ilikuwa palepale, kwenye mfuko wa zana ambao Habbo alimwekea Fenna. Nikaivisha kwenye nati, nikaisukuma kulia kama mtu anavyokaza kitu chochote duniani.

Ilikataa mara ya kwanza. Nikatia nguvu. Ikalia "kwi", ikaenda, na kuanzia hapo ikazunguka kwa urahisi, nusu mzunguko. Nikaacha nisije nikaivunja. Nikajisemea, unaona? Ilikuwa haijafika. Nikarudisha droo, nikafuta vidole kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba kifua changu kikatulia. Usiku ule nililala vizuri kuliko mtu yeyote nyumbani.

Fenna aliondoka Jumamosi asubuhi. Sikulia. Nilimwambia aendeshe taratibu, akaniambia gari lenyewe halijui kwenda haraka. Jumapili ujumbe ukafika kama alivyoahidi, na picha ya miguu yake ndani ya soksi, bahari ikiwa nyuma.

"Nimelala Denmark karibu na bandari. Joto tele, ingawa nanuka kama kondoo. Jiko sijaligusa, nakula mkate wako. Kesho navuka kwa meli, na jioni napika supu ya kwanza milimani. Theluji bado ipo! Nitaandika tena Jumapili."

Niliusoma mara nne na nikawa na furaha.

Jumatatu saa tano asubuhi Eilert alikuja kunywa chai, kama kila Jumatatu. Kwetu chai ya saa tano haikosi hata kukiwa na msiba: donge la sukari ya mawe chini, chai juu yake, malai pembeni bila kukoroga. Mgeni hunywa vikombe vitatu, na akitosheka huweka kijiko chake ndani ya kikombe. Asipokiweka, mwenye nyumba anaendelea kumimina. Eilert alikuwa kwenye kikombe cha tatu na amenogewa na kisa.

"Juzi kaja kwangu jamaa kutoka Aurich, mpira wa gesi mkononi, uso umemvimba. Ati nimeuziwa nati mbovu! Kadiri ninavyoikaza ndivyo inavyolegea! Nikamwuliza, unaikazia upande gani? Kulia, anasema, kuna upande mwingine? Nikamwambia, ndugu yangu, hivi vikato hapa pembeni unadhani ni urembo? Nati ya gesi yenye vikato inakazwa kushoto. Ukienda kulia, bwana, unaifungua!"

Habbo alicheka hadi akakohoa. "Siku nzima anafungua, anadhani anafunga!"

"Siku nzima! Na anajisifu ana nguvu!"

Mimi nilikuwa nimeshika birika.

"Shemeji! Shemeji, kijiko! Nimeshaweka kijiko!"

Chai ilikuwa imejaa kikombe, imejaa kisahani, inashuka kwenye suruali ya Eilert. Nikaomba radhi, nikaleta kitambaa. Masikio yalikuwa yanavuma, na katika mvumo ule nilisikia "kwi" ya ile nati, na jinsi ilivyokuwa rahisi baada ya hapo. Kitu kinachokazwa huzidi kuwa kigumu. Mtoto mdogo anajua. Mimi nilisikia kikilainika mkononi mwangu nikafurahi.

Ningesema palepale. Wanaume wawili waliokuwa wakiijua gesi walikuwa mezani kwangu, na ningesema maneno matano tu. Lakini Eilert alikuwa bado anamcheka yule jamaa wa Aurich, na Habbo anajifuta machozi ya kicheko, na mimi aibu ikaniziba mdomo. Nilijiambia nitampigia Fenna mwenyewe, nitamaliza jambo lenyewe kabla Habbo hajajua. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la spana. Na liwekwe hapa wazi.

Nilijifungia stoo, kati ya chupa za achari, nikapiga. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Ikaita. Nikaandika: FENNA USIWASHE JIKO. Nikaandika: FUNGA MTUNGI, NI KWELI, SITANII. Nikatazama alama ya ujumbe na haikubadilika, haukusomwa. Juu ya maneno yale ya herufi kubwa nikaona yaliyotangulia, yote ya kwangu, yamepangana moja juu ya lingine. Usile uyoga. Angalia kupe nyuma ya magoti. Nimesoma kuna mtu amepotea. Funga mlango wa nyuma. USIENDESHE NA UPEPO. Hilo la upepo nalo lilikuwa kwa herufi kubwa. Nikaelewa kwamba kwake ujumbe wa leo utafanana kabisa na wa jana.

Nilipiga mara kumi na tatu. Eilert alishaaga, saa sita ilishapita. Nilihesabu: meli imefika, anaendesha, simu iko ndani ya mkoba. Baada ya muda wa saa sita hivi atasimama mahali penye theluji, mikono imekufa ganzi, atafungua mtungi. Madirisha yatakuwa yamefungwa kwa baridi. Na gari lile linanuka sufu na mkate kiasi kwamba pua haiwezi kumsaidia mtu.

Nikaenda bandani.

Habbo alikuwa akipiga randa vipande vilivyobaki vya kabati la mama yake. Hakuinua kichwa.

"Baba Fenna."

Huwa simwiti hivyo. Randa ikasimama.

"Ile nati nyuma ya jiko," nikasema. "Ijumaa niliigusa. Kwa spana."

"Uliigusa vipi?"

"Niliikaza."

Mkononi bado alikuwa ameshika ule utepe wa mbao unaotoka kwenye randa.

"Ulizungusha upande gani?"

"Kulia."

"Kiasi gani?"

"Nusu. Nusu mzunguko. Habbo, nimempigia mara kumi na tatu, hapokei. Tupige polisi wa Norwe."

"Polisi wa wapi? Norwe yote?" Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya saruji. Nilisubiri anikaripie. Nilitamani anikaripie, anitukane, anirushie randa. Badala yake akasimama, akanipita, akaenda nyumbani, nami nikamfuata nikikimbia kama kuku.

Simu yake ilikuwa kwenye droo ya mbegu, chini ya pakiti za figili. Fenna ndiye aliyemnunulia miaka minne iliyopita. Hajawahi kumwandikia mtu kwa simu hiyo. Ilikuwa imekufa betri. Tukaichomeka ukutani, tukasimama mbele yake watu wazima wawili tukiitazama kama mtoto mgonjwa, dakika moja, dakika tano, hadi ikawaka.

Aliandika kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani. Ilimchukua muda mrefu ajabu. Niliinama begani kwake nikasoma.

"Fenna. Ni Baba. Sikukaza nati ya gesi nyuma ya jiko. Nimekosea. Usiwashe moto. Funga mtungi fungua milango. Kisha kaza kushoto. Kushoto. Paka sabuni. Nijibu."

"Lakini si wewe!" nikasema. "Wewe uliikaza. Eilert aliipima. Mimi ndiye—"

"Ikiwa ni wewe, atacheka," Habbo akasema. "Atasema Mama na mambo yake. Ikiwa ni mimi, atafunga mtungi."

Akabonyeza. Aliyosema yalikuwa kweli yote.

Nitasema nini juu ya mchana ule? Tuliiweka simu katikati ya meza. Saa tisa nilichemsha chai kwa mazoea na hakuna aliyeigusa, malai yakaganda juu. Habbo alitoka mara mbili, akarudi mara mbili, akaosha mikono isiyo michafu. Mimi nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja. Akili yangu ilinionyesha kitu kimoja tu, mkono wa Fenna na kiberiti. Niliomba Mungu, kisha nikajikuta namkaripia Mungu, kisha nikaomba radhi.

"Nimpigie tena?" nikauliza.

"Acha. Anaendesha. Atakasirika azime simu kabisa, na hapo hata huu wangu hatauona."

Alikuwa sahihi. Nilikaa. Saa kumi na moja nilikaa. Saa kumi na mbili nilikaa. Jua lilikuwa bado juu, mwezi wa Mei kwetu halijui kuzama, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakirudi zizini kana kwamba ni siku ya kawaida. Saa moja kasoro robo nikasema naenda msalani. Nikaingia stoo badala yake, nikapiga mara ya kumi na nne. Ikaita mara tatu, kisha ikakatwa.

Ilikatwa kwa mkono. Nikajua amekasirika. Nikajua pia kwamba yuko hai na ameshafika. Nilirudi mezani nikakaa bila kusema nilikotoka, na Habbo alinitazama akajua.

Baada ya dakika kumi simu ya Habbo ikalia. Hatukuwa tunaujua mlio wake, tuliruka wote wawili.

"Baba!! Nilipoona jina lako nilidhani Mama amekufa. Ni kweli, nati ilikuwa imelegea, povu lilitoka kama bia. Nimefunga, nimefungua milango yote, nimekaza kushoto, nimepaka sabuni mara mbili. Sasa haitoi kitu. Usijilaumu Baba, kila mtu hukosea. Tafadhali usimwambie Mama. Hatalala. Amenipigia mara kumi na nne leo, nadhani ni uyoga tena."

Habbo alinisomea yote hadi mwisho. Labda hakuweza kusimama katikati. Alipofika kwenye uyoga sauti yake ilishuka. Nililia, kwa shukrani kwanza, kisha kwa hilo lingine. Yeye akachukua simu na kwa kidole kilekile akaandika maneno mawili. "Sitamwambia."

Wiki ile sikupiga simu, na jumbe zangu za Jumatatu zilibaki bila kusomwa. Sikutuma gazeti, wala kupe, wala utabiri wa hewa. Si kwamba nilikuwa nimetulia. Nilikuwa kama mtu aliyefukuzwa kwenye tuta lake mwenyewe. Usiku niliamka nikagusa pasi, kisha nikaona haya. Na Habbo naye alibadilika. Hata Jumatatu nyingine haijafika, Eilert alishapata habari, maana Fenna alikuwa amemwandikia kumwuliza, kwa upole, kama jicho la Baba siku hizi liko sawa. Eilert alimkuta Habbo dukani na kumtania mbele ya watu kwamba alifungua nati iliyokwisha kupimwa na kusahau kuifunga. Mume wangu, ambaye hata mvua iliwahi kubeba makosa yake, aliitikia kwa kichwa, akalipa misumari yake, akatoka.

Jumapili saa nne simu ilinilia mimi. Haikuwa ujumbe. Alikuwa anapiga.

"Mama? Uko mgonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Siku sita hujanipigia. Hujaniandikia. Nimekaa hapa nakodolea simu macho kama mwendawazimu." Nyuma yake nilisikia maji yakikimbia. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

Akashusha sauti. "Baba yuko hapo? Basi sikiliza tu, usijibu. Nakuomba kitu. Anapofunga vitu siku hizi, wewe pita nyuma yake uangalie. Kwa siri. Nadhani anazeeka, Mama. Wewe una ule mkono wako wa pili. Sijawahi kuushukuru, najua, lakini sasa nakuomba."

Habbo alikuwa ameketi ng'ambo ya meza. Kwa chumba chetu kilivyo kidogo, alisikia kila neno. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Kisha akachukua kijiko chake akakiweka ndani ya kikombe, ingawa kilikuwa kikombe cha kwanza.

"Fenna," nikasema. "Baba yako hakusahau kitu. Aliikaza vizuri na Eilert akaipima. Ijumaa niliingia nikiwa peke yangu, nikashika spana, nikaikaza tena."

Maji yalikimbia nyuma yake.

"Ulizungusha upande gani?" akauliza mwishoni, kwa sauti ileile ya baba yake.

"Kulia."

Nilijiandaa. Nilijua nastahili chochote atakachosema, na nilijua pia kwamba baada ya leo hataniamini hata nikimwambia kunanyesha.

"Kwa hiyo zile simu kumi na nne," akasema, "hazikuwa za uyoga."

"Hapana, mama. Hazikuwa za uyoga."

"Ile ya mwisho nilikuwa nimeshika kiberiti." Alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Nilikuwa nimeshafungua mtungi. Nilisikia harufu nikasema ni sufu ya Mama. Nikatoa njiti, na simu ikaanza. Nikasema ngoja kwanza nimkate huyu, nikaweka kiberiti chini, nikaenda kukukata. Ndipo nikaona jina la Baba."

Nilishika ukingo wa meza. Habbo alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu ukiwa mzito kama gunia.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Mpe Baba simu, nimwombe radhi." Habbo akakataa kwa mkono, akageukia dirishani. "Hataki, eh? Basi mwambie nitamwandikia Eilert leo hii. Na wewe, usiguse tena kitu chochote chenye vikato."

"Sitagusa."

"Na kesho nipigie." Akavuta pumzi. "Mara moja tu, Mama. Mara moja."

Nikamwambia nitajaribu.